Nani Mwenye Haki ya Kusamehe? Msumbiji Baada ya Vita

Tarehe 4 Oktoba 1992, mjini Roma, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji na Afonso Dhlakama, kiongozi wa waasi wa Renamo, walitia saini mkataba uliomaliza vita vya miaka 16. Siku 10 baadaye ikapitishwa mjini Maputo sheria ya msamaha iliyofunga mlango wa mashtaka kwa makosa ya vitani ya pande zote mbili. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja walikuwa wamekufa kwa risasi, njaa na maradhi. Wengine milioni 1.7 hivi walikuwa wakimbizi katika nchi jirani, wengi wao Malawi, na mamilioni walikuwa wamehama makwao ndani ya nchi. Reli zilikuwa zimeng'olewa, madaraja yamelipuliwa, shule na zahanati zimechomwa moto. Deni la nje lilikuwa limelipita pato la taifa la mwaka mzima mara kadhaa.

Kwa hiyo Msumbiji iliingia kwenye amani ikiwa na hesabu mbili za kufunga, ya damu na ya fedha. Zote mbili, kwa sehemu kubwa, zilifungwa kwa msamaha. Bunge liliwasamehe waliopigana. Baada ya miaka michache mataifa tajiri na mashirika ya fedha yakaisamehe nchi sehemu kubwa ya madeni. Swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelijadili kwa karne nyingi lilikuwa mezani tangu siku ya kwanza, ingawa wachache walilitamka: ni nani mwenye haki ya kusamehe?

Dini zinazofuatwa na wengi nchini humo hazilijibu swali hili kwa wepesi. Pwani ya kaskazini, kuanzia Kisiwa cha Msumbiji hadi mdomo wa Mto Ruvuma, ni nchi ya Waislamu tangu kale, na huko watu wanajua tofauti kati ya haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Mungu ni mwingi wa rehema katika haki zake, lakini aliyemdhulumu mwenzake hana budi kumwendea huyo mwenzake. Sura ya Baqara, inapozungumzia damu iliyomwagika, inaiweka haki ya kusamehe au kupokea dia mikononi mwa jamaa wa aliyeuawa. Mtawala anaweza kusimamia mapatano hayo. Kusamehe kwa niaba ya wenye damu si kazi yake. Fedha nazo hazichezewi. Katika mafundisho ya Mtume, hata aliyekufa shahidi husamehewa dhambi zake zote isipokuwa deni. Sura hiyohiyo ya Baqara inamtaka mdai ampe muhula mdaiwa aliye katika dhiki, na kumhesabia heri zaidi akilifuta deni lenyewe, lakini inasema naye kwa sababu mali ni yake.

Fundisho linalofanana na hilo liko kwa Wayahudi pia: Siku ya Upatanisho haimsafishi mtu na kosa alilomtendea mwenzake mpaka kwanza apatane naye. Ukristo umehimiza msamaha kuliko pengine dini nyingine yoyote, lakini hata mfano wa Injili ya Mathayo, wa mtumwa aliyefutiwa deni kubwa kisha akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo, unawahusu watu wanaosamehe kilicho chao. Bwana yule alifuta deni alilodai yeye mwenyewe. Hakufuta deni la jirani yake.

Katika falsafa ya karne ya 20, Vladimir Jankélévitch, Mfaransa wa ukoo wa Kiyahudi, alishikilia kwamba walio hai si mawakala wa wafu: aliyeuawa katika kambi za Wanazi ameondoka na haki yake ya kusamehe, na hakuna aliyeirithi. Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya mwanadamu, alipima jambo hilo kwa njia nyingine. Aliona kwamba bila msamaha mtu hubaki mfungwa wa tendo lake la jana, na bila ahadi hawezi kuijenga kesho, hivyo viwili hivi ndivyo vinavyowezesha watu kuishi pamoja. Lakini alisisitiza pia kwamba watu hawawezi kusamehe kile wasichoweza kukiadhibu. Msamaha unaotolewa kwa sababu hapana jinsi nyingine una jina tu la msamaha.

Sheria ya Oktoba 1992 ilikuwa na watetezi wenye hoja nzito, na hoja zao zinastahili kusikilizwa kikamilifu. Mazungumzo ya Roma yalisukumwa na watu wa dini: Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira pamoja na jumuiya ya walei Wakatoliki ya Sant'Egidio. Hao walifahamu kwamba hakuna jenerali anayesaini karatasi ya kumpeleka kizimbani. Frelimo, chama kilichokuwa madarakani, nayo ilikuwa na ya kwake: kambi za kurekebishia watu tabia, watu waliouawa bila hukumu, vijiji vilivyolazimishwa kuhama. Kila upande ulikuwa na cha kuficha, na upande wowote ungeweza kurudi msituni. Angola ilitoa mfano katika mwaka huohuo. Baada ya uchaguzi wa Septemba 1992 Jonas Savimbi alikataa matokeo, na vita vikawaka upya kwa miaka mingine 10. Msumbiji ilipiga kura Oktoba 1994, Chissano akashinda, Dhlakama akakubali kukaa upinzani. Wakimbizi wakarudi kwa miguu, kwa treni na kwa malori, mkononi jembe na mfuko wa mbegu. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1993 na akaishi kwa sababu bunduki zilinyamaza ni hoja ambayo hakuna mwanafalsafa anayeweza kuipuuza.

Hata hivyo hoja hiyo inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba dola ilikuwa na sababu njema ya kuacha kuadhibu. Kuadhibu ni haki ya dola, na mwenye haki anaweza kuiachilia. Mjane wa Gorongosa, katikati ya nchi, alikuwa na haki nyingine: kujua mumewe alizikwa wapi, kusikia muuaji akikiri, kupata chochote cha kufidia. Hizo hazikuwa mali ya Bunge. Afrika Kusini, miaka michache baadaye, iliunda Tume ya Ukweli na Maridhiano na kumtaka anayeomba msamaha aeleze kwanza alichofanya. Msumbiji haikuwa na tume, haikuweka orodha ya waliopotea, wala haikutenga siku ya kuwasikiliza walioumizwa. Sera ilikuwa kunyamaza.

Watu hawakunyamaza. Kazi ambayo dola iliikwepa ilifanyika vijijini, kwa njia ambazo watafiti wa Kimsumbiji wameziandika kwa makini. Alcinda Honwana ameeleza jinsi wavulana waliotekwa na kufanywa askari walivyopokelewa nyumbani kusini mwa nchi. Mtoto hakuingia moja kwa moja ndani. Wazee walimpeleka porini, wakajenga kibanda kidogo cha nyasi kavu, naye akaingia akiwa amevaa nguo alizotoka nazo kambini. Alizivua humo, akatoka, na kibanda kikateketezwa pamoja na nguo. Kisha akafukizwa dawa, akaogeshwa, akaelekea nyumbani bila kugeuka nyuma. Hakuna aliyemwambia kwamba hakuua. Ibada ilikubali kwamba aliua, kwamba wafu wake walimfuata, na kwamba jamaa zake ndio walioubeba mzigo wa kumtenga nao.

Gorongosa, ambako Renamo ilikuwa na makao yake, mambo yalikwenda mbali zaidi. Victor Igreja ameandika juu ya magamba, mizimu ya wanaume waliouawa vitani wasizikwe, ambayo ilianza kuwapanda watu baada ya mapigano kwisha. Mara nyingi kiti chake ni mwanamke. Mganga anapoita, mzimu hupanda na kusema kwa kinywa cha mwanamke yule: nilikuwa nani, nilikuwa napita wapi, nani alinishika, alinifanya nini. Jamaa wa anayetajwa huitwa kusikiliza. Wanaweza kubisha, na majadiliano huchukua muda, lakini mwisho unaotafutwa ni kukiri na kulipa fidia, na mgonjwa hapati nafuu kabla ya hapo. Kwa maneno mengine, baraza lile lina mlalamikaji, mshtakiwa, ushahidi na malipo, yaani kila kitu ambacho sheria ya 1992 ilikiondoa.

Si lazima mtu aamini mizimu ili aone hoja ya kimaadili iliyomo. Jamii ile iliamua kwamba mfu anabaki kuwa mdai, na kwamba anayeweza kumridhisha ni yule tu anayelitambua deni. Walakini njia hii ina mapungufu ambayo hayafai kupambwa. Mwili unaoteseka ili ukweli usemwe ni wa mwanamke, ambaye mara nyingi ni mhanga wa vita hivyohivyo. Nao wakubwa waliotoa amri kutoka mijini hawajawahi kukalishwa mbele ya mganga wa Gorongosa.

Makanisa yalijaribu njia ya tatu. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, chini ya uongozi wa Askofu Mwanglikana Dinis Sengulane, lilianzisha mradi wa kubadilisha silaha kwa majembe. Aliyeleta bunduki aliondoka na jembe, cherehani, baiskeli au mabati ya kuezekea. Hakuulizwa aliitoa wapi. Silaha zilikatwakatwa, na wasanii wa Maputo wakavigeuza vipande kuwa sanamu. Kiti kimoja kilichoundwa kwa bunduki, kazi ya msanii Kester, kiko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Mradi ulitambua ukweli ambao wachumi waliuona pia: kwa mwanamume asiye na shamba wala ajira, bunduki ni mtaji. Anayetaka aiweke chini hana budi kumpa mtaji mwingine.

Hapo ndipo hesabu ya damu inapokutana na hesabu ya fedha. Urekebishaji wa uchumi ulianza vita vikiendelea, mwaka 1987, chini ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia: sarafu ikashushwa thamani, ruzuku zikapunguzwa, mashirika ya umma yakauzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja kampeni ya kufuta madeni ya nchi maskini, ambayo jina lake, Yubile, lilitoka katika kitabu cha Mambo ya Walawi, kwenye sheria ya mwaka wa 50 wa kuachilia ardhi na watumwa. Msumbiji ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika, mwaka 1999 na tena mwaka 2001, na fedha zilizookolewa zilisaidia kuendesha shule na hospitali.

Ulikuwa msamaha wa kweli, kwa maana wadai walifuta kilicho chao. Lakini ulikuwa na masharti, na sharti humbakizia msamehevu mamlaka juu ya aliyesamehewa. Korosho ndiyo mfano unaouma zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji iliongoza duniani kwa zao hili, ambalo wakulima wa Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma, wanalijua vizuri. Vita viliangusha uzalishaji, mikorosho ikazeeka bila kupaliliwa. Katikati ya miaka ya 1990 Benki ya Dunia ilishinikiza ushuru wa kusafirisha korosho ghafi upunguzwe, kwa hoja kwamba mkulima angepata bei nzuri kutoka kwa wanunuzi wa India. Viwanda vya kubangulia vilivyokuwa vimebinafsishwa muda mfupi kabla vikafungwa kimoja baada ya kingine, na maelfu ya wabanguaji, wengi wao wanawake, wakakosa kazi. Wachumi Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch walipopiga hesabu baadaye, waliona kwamba kaya ya mkulima wa korosho iliongeza kipato kisichozidi wastani wa dola 5.30 kwa mwaka. Gharama ya msamaha ililipwa na watu ambao hawakukopa na hawakuombwa ridhaa.

Kisa cha madjermane, kama wanavyoitwa wafanyakazi waliorudi kutoka Ujerumani, ni kizito kuliko hicho. Kuanzia mwaka 1979 Msumbiji ilipeleka vijana wapatao elfu 15 au zaidi kufanya kazi viwandani Ujerumani Mashariki. Sehemu ya mishahara yao, ambayo baadaye ilifika asilimia 60, ilikatwa kwa ahadi kwamba wangeikuta nyumbani. Fedha hizo kwa kweli zilitumika kupunguza deni la Msumbiji kwa Ujerumani Mashariki. Ukuta wa Berlin ulipoanguka wakarudi Maputo, na akiba yao haikuwepo. Kwa miaka mingi wameandamana mjini humo kila Jumatano, wengine wakibeba bendera ya nchi ya Ujerumani ambayo haipo tena. Serikali ilitoa malipo kiasi na kulihesabu suala kuwa limekwisha. Wao wanasema hawajalipwa haki yao.

Hapa mfano wa Mathayo unatimia bila kulazimishwa. Dola iliyofutiwa mabilioni na wadai wa nje haikuona haja ya kumlipa fundi wake aliyeshona viatu au kufuma nyuzi kwa miaka minne katika mji wa baridi. Na kuna jambo ambalo hata mfano ule haukulifikia: mtumwa yule aliukaba mwili wa mdaiwa wake, ilhali dola hii ilimkaba mdai wake.

Kwa takwimu za jumla, nchi ilifufuka. Tangu katikati ya miaka ya 1990 na kwa takriban miongo miwili uchumi ulikua kwa wastani wa asilimia 7 hivi kwa mwaka. Kiwanda cha alumini cha Mozal kilianza kazi karibu na Maputo mwaka 2000; gesi ya Pande na Temane ikaanza kupita kwenye bomba hadi Afrika Kusini mwaka 2004. Sheria ya ardhi ya mwaka 1997 ilimpa haki ya kutumia ardhi yeyote aliyeikalia kwa nia njema kwa miaka 10, na ikakubali ushahidi wa mdomo wa majirani, jambo la maana sana kwa watu waliorudi ukimbizini bila karatasi. Mabomu ya kutegwa ardhini yaliondolewa mkoa kwa mkoa, kwa msaada pia wa panya buku waliofundishwa Morogoro, mpaka mwaka 2015 nchi ilipotangazwa kuwa huru na mabomu yanayojulikana. Umaskini ulishuka kutoka asilimia 69 mwaka 1997 hadi 54 mwaka 2003. Kisha, uchumi ukiendelea kukua, umaskini ukasimama palepale hadi utafiti wa mwaka 2009. Viwanda vikubwa vilileta fedha nyingi na ajira chache.

Mwaka 2016 ikafichuka kwamba kati ya 2013 na 2014 makampuni matatu ya serikali, ProIndicus, Ematum na MAM, yalikopa takriban dola bilioni 2 kutoka Credit Suisse na benki ya Kirusi ya VTB, kwa dhamana ya serikali ambayo Bunge halikuijua. Boti za kuvulia jodari na vyombo vya kulinda pwani vilinunuliwa kwa bei ya kuruka. Mamilioni yakaishia kwenye rushwa. Wafadhili wakasimamisha misaada, sarafu ikaanguka, bei ya vyakula ikapanda. Waziri wa fedha wa wakati wa mikopo hiyo, Manuel Chang, alikamatwa Johannesburg mwishoni mwa 2018 na kutiwa hatiani New York mwaka 2024. Credit Suisse ilikiri kosa mwaka 2021, ikatozwa faini na kukubali kufuta dola milioni 200 za deni la Msumbiji.

Neno kufuta, katika tukio la mwisho, linahitaji kuchunguzwa. Mwaka 1927 mwanasheria Alexander Sack aliandika kwamba deni lililochukuliwa kinyume na maslahi ya wananchi, mkopeshaji akijua, si deni la taifa. Ni la mtawala aliyelichukua. Baraza la Katiba la Msumbiji lilikwenda njia hiyo lilipobatilisha mkopo wa Ematum mwaka 2019 na ile mingine miwili mwaka 2020. Ikiwa ni hivyo, benki haikusamehe chochote, kwa kuwa haikuwa ikidai kitu cha halali kwa mkulima wa Nampula. Hali ni ileile ya sheria ya 1992 iliyopinduliwa. Kule viongozi waliwaachilia wengine kwa haki ya watu. Huku waliwafunga watu kwa ahadi ya viongozi. Katika yote mawili mwananchi alisemewa.

Mapigano kati ya Frelimo na Renamo yalirudi mwaka 2013. Ikapitishwa sheria nyingine ya msamaha mwaka 2014, na nyingine mwaka 2019 sambamba na mkataba mpya wa amani, na kambi ya mwisho ya Renamo ikafungwa Juni 2023. Ukihesabu na ile ya mwaka 1987 iliyowalenga waasi waliojisalimisha, hizi ni sheria nne za msamaha. Baadhi yake zilisimamisha risasi kwa muda, na si haba. Lakini msamaha unaotolewa tena na tena bila kukiri huwafundisha wenye silaha kwamba gharama ya vita hulipwa na wengine.

Tangu Oktoba 2017, waasi waliposhambulia Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado umekuwa vitani, na mamia ya maelfu ya watu wamekimbia makwao. Ni mkoa wa pwani wenye wasemaji wa Kimwani na Kiswahili, na ndiko kwenye gesi iliyotarajiwa kulipa madeni ya nchi nzima. Shambulio la Palma mwezi Machi 2021 lilisimamisha mradi wa kampuni ya TotalEnergies. Serikali imekwisha kuwaahidi msamaha vijana watakaoweka silaha chini, na huenda haina njia nyingine ya kuwatoa porini. Lakini vijiji watakavyorudi vina misikiti ambamo wenye damu wanajua haki yao kwa majina ya maiti zao, na vina wavuvi na wakulima waliohamishwa kupisha mitambo ya gesi kwa fidia ambazo wengi wanazilalamikia. Watu hao wanaweza kusamehe. Wengi wao, wakiombwa na yule aliyewakosea na wakisikia akitaja alichofanya, yamkini watasamehe. Bunge la Maputo linaweza kuwaombea nafasi ya kuulizwa na kuwatengea sehemu ya mapato ya gesi kama fidia, na hapo ndipo mamlaka yake yanapokoma.